Boksi la plastiki, tangi la kioo au kabati la mbao: nyumba ipi inamfaa nyoka mchanga mwenye woga?

Mwanangu alipofikisha miaka 12 aliomba nyoka. Tunaishi Reading, kusini mwa Uingereza, na sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006 hairuhusu mtoto wa chini ya miaka 16 kuuziwa mnyama, kwa hiyo jina lililoandikwa kwenye stakabadhi ni langu na dhamana ni yangu. Mimi nimekulia Tanga, ambako nyoka akionekana uani huitwa kwanza jirani mwenye panga. Nilipompigia mama yangu simu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mtoto wa nyoka ni nyoka." Nikamwambia, "Ndiyo, mama. Lakini huyu ni mwembamba kama penseli, na anatuogopa sisi kuliko tunavyomwogopa yeye."

Huyo ni nyoka wa mahindi, ambaye wanasayansi humwita Pantherophis guttatus. Hana sumu. Kwao ni kusini-mashariki mwa Marekani: Florida, Georgia, majimbo mawili ya Carolina na maeneo ya jirani. Wako wanaosema jina lake limetokana na maghala ya mahindi, alikokuwa akionekana akifuata panya, na wako wanaosema ni kwa sababu ya tumbo lake lenye mirabaraba myeusi na myeupe iliyopangika kama punje za mahindi ya rangi. Mwanangu alilitazama tumbo lile akampa jina Gunzi.

Gunzi alikuja na urefu wa rula ya shule na uzito wa gramu 8 kwenye mizani ya jikoni. Kila kivuli kilipopita juu yake alijikunja mfano wa herufi S na kutikisa ncha ya mkia juu ya karatasi, ikalia kama manyunyu juu ya bati. Muuzaji alituambia tumweke kwenye boksi dogo la plastiki. Rafiki yangu wa Columbus, Ohio, akasisitiza tangi la kioo, maana huko ndilo wengi wanaloanza nalo. Majirani wafugaji wa hapa Reading wakasema tusipoteze fedha mara mbili, tununue kabati la mbao moja kwa moja. Katika miaka miwili Gunzi amekaa katika zote tatu, na kila moja nimeiona uzuri wake na hatari yake.

Woga wake unatoka wapi

Mtoto wa nyoka wa mahindi hukaa ndani ya yai miezi miwili hivi, na akishatoka hana mama wa kumlinda. Ndege wa mawindo, wanyama wa usiku na hata nyoka wengine humla. Porini hujibana chini ya gamba la msonobari uliokauka au ndani ya gogo lililooza, mahali ambapo ubavu wa kulia na wa kushoto vyote vinagusa kitu. Kujificha mchana kutwa basi ndiyo maisha yake. Usihangaike kwa sababu humwoni.

Hangaika ukiona haya: anazunguka ukutani usiku kucha akisukuma pua mpaka inachubuka, anakataa chakula wiki baada ya wiki huku uzito ukishuka, au haondoki upande wa baridi hata baada ya kula. Hili la mwisho ndilo lililonifundisha zaidi. Nyoka mwenye woga akilazimishwa kuchagua kati ya joto na maficho, atachagua maficho. Na nyoka asiyepata joto hameng'enyi chakula. Gunzi alipokuwa kwenye tangi la kioo niliweka pango moja tu, upande wa baridi, kwa sababu lilipendeza pale. Alikula kitoto cha panya siku ya Jumamosi, na Jumatatu asubuhi nikakikuta kimetapikwa, kizima, kimelowa. Ilibidi asile kwa siku 12, kisha aanze tena na mlo mdogo. Kosa lilikuwa langu, na dawa yake ilikuwa pango la pili.

Wafugaji wengi bado wanaamini kwamba mtoto wa nyoka akiwekwa mahali pakubwa huogopa na kuacha kula. Mimi siamini kwamba ukubwa ndio unaomtisha. Msitu wa Georgia ni mkubwa kuliko kabati lolote. Kinachomtisha ni kuwa peupe. Katika boksi dogo hakuna peupe kwa sababu hakuna nafasi, na katika kabati kubwa lililojazwa vizuri hakuna peupe kwa sababu umeifunika nafasi.

Vipimo nilivyotumia

Kabla hujaangalia bei, jiulize mambo matano, na uyaulize yale yale kwa kila nyumba.

Kwanza maficho. Simama mbele ya nyumba ya nyoka wako, weka kidole kwenye upande wa joto, kivute taratibu mpaka upande wa baridi. Pote kidole kinapopita peupe kwa urefu unaozidi nusu ya mwili wake, hapo hana njia. Anatakiwa aweze kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine bila kuonekana, na mapango yawe mawili kwa uchache, membamba kiasi cha kumbana kidogo.

Pili joto na unyevu. Upande wa joto uwe nyuzi 28 mpaka 32 za Selsiasi, upande wa baridi 22 mpaka 24, na unyevu wa hewa asilimia 40 mpaka 60, ukipanda kidogo anapokaribia kujivua gamba.

Tatu mianya. Kichwa kikipita, mwili wote umepita.

Nne, mkono wako unaingilia wapi. Kinachoshuka kutoka juu, kwake ni kipanga. Kinachokuja kwa ubavuni anaweza kukizoea.

Tano gharama, na hiyo nyumba itamtosha mpaka lini. Nyoka huyu hufika sentimita 90 mpaka 150, na akitunzwa vizuri huishi miaka 15 mpaka 20 au zaidi. Mwanangu anaweza kuwa na watoto wake mwenyewe Gunzi akiwa bado yupo.

Boksi la plastiki

Nazungumzia boksi la kawaida la kuhifadhia nguo au viatu, la lita 10 mpaka 20, lenye vibanio kwenye mfuniko.

*Maficho.* Hapa boksi liko mbele. Kuta zake hazioneshi vizuri, liko dogo, na mapango mawili pamoja na kipande cha trei ya karatasi nzito ya kuwekea mayai vinatosha kulijaza. Gunzi alitulia humo siku ya tatu. Kitoto cha panya cha kwanza alikila siku ya saba, gizani, mfuniko umefungwa, na sisi tukiwa chumba kingine.

*Joto na unyevu.* Unyevu hukaa vizuri, wakati mwingine kupita kiasi. Ukiona matone kwenye mfuniko asubuhi, ongeza matundu. Joto ndilo lina kasoro. Taa huwezi kuweka, plastiki itayeyuka, kwa hiyo unabaki na mkeka wa joto uliowekwa chini ya boksi, kwa nje, ukifunika theluthi moja ya sakafu. Mkeka hupasha sakafu tu, hewa ya ndani inabaki ile ya chumba. Chumba kikiwa na nyuzi 15 usiku wa Januari, sakafu inaweza kuwa sawa na hewa bado ikawa baridi mno. Na mkeka usiofungwa themostati, yaani kifaa kinachozuia joto lisipite kiasi ulichokiweka, hupita nyuzi 40 bila taabu. Duka tulikonunua walituuzia mkeka peke yake, wakatuambia kwa nyoka mdogo themostati si lazima. Ni lazima. Nyoka hukaa juu ya kitu kinachomuunguza bila kuondoka haraka kama ambavyo wewe ungefanya, na vidonda vyake huchukua wiki nyingi kupona.

*Mianya.* Mifuniko ya bei nafuu hupinda katikati. Chagua yenye vibanio pande zote nne, kisha jaribu kuinua kila pembe kwa kidole kimoja. Ikiinuka, atatoka. Matundu ya hewa toboa kwa chuma cha kulehemia chenye moto, kutoka ndani kwenda nje ili ncha kali zisibaki ndani, na yawe madogo kuliko ncha ya penseli.

*Mkono.* Unaingia kutoka juu, hakuna njia nyingine. Tulichofanya ni kuliweka boksi kwenye meza ya kiasi cha kiuno, tukafungua mfuniko na kusubiri kidogo, tukainua pango kwanza, kisha mkono ukapita chini kwa chini kando ya ukuta mpaka ukamfikia katikati ya mwili. Kamwe usimshike kichwani wala mkiani.

*Gharama.* Boksi lenyewe halikufika pauni 10. Themostati ilitugharimu zaidi ya mara tatu ya hapo. Lilimtosha Gunzi miezi minane, na nilijua muda umekwisha nilipoona hawezi tena kunyooka.

*Linamfaa nani.* Mtoto aliyetoka yaini karibuni na bado hajashika chakula. Nyoka mgonjwa anayehitaji kuangaliwa kinyesi na uzito kila siku. Mtu wa kipato kidogo anayejua kwamba anaweka akiba ya nyumba ya pili. Kuna wafugaji wanaomweka nyoka mkubwa kwenye droo ya plastiki maisha yake yote, wakisema anakula na anazaa. Mimi sikubaliani nao. Nyoka huyu hupanda, na humo hana pa kupanda.

Tangi la kioo

Yako ya aina mbili, na tofauti yake ni kubwa. Kuna lile la samaki lililowekewa mfuniko wa wavu juu, na kuna lile lililotengenezwa kwa ajili ya reptilia, lenye milango mbele.

*Maficho.* Kwa nyoka mwenye woga kioo ndicho kinachoanza nyuma, kwa kuwa anaonekana pande zote nne na yeye anatuona sisi tunavyopita. Usiku wa kwanza Gunzi alipohamia humo alizunguka ukutani bila kupumzika. Siku ya pili tulibandika karatasi nyeusi pande tatu, kwa nje. Halafu tukajaza: magome ya mti, matawi yaliyolala, majani ya plastiki, na tabaka nene la maranda kiasi cha yeye kuchimba. Kufikia mwisho wa wiki alikuwa ametulia. Kwa hiyo kioo kinarekebishika, ila kazi hiyo ni yako, haiji na tangi.

*Joto na unyevu.* Kioo hakitunzi joto, na wavu wa juu hulitoa lote lililobaki. Faida yake ni kwamba taa huwekwa juu ya wavu, kwa nje, ambako nyoka hawezi kuigusa na kuungua. Unapata joto la kutoka juu kama jua, na ukitaka unaweza kuongeza taa ya miale ya UVB, ile iliyomo kwenye mwanga wa jua, ambayo wafugaji wengi siku hizi huipendelea hata kwa nyoka wa usiku na alfajiri kama huyu. Unyevu hupotea haraka. Rafiki yangu wa Columbus hufunika robo tatu ya wavu kwa karatasi ya foili wakati wa baridi, kwa sababu kipasha joto cha nyumba hukausha hewa mpaka nyoka wake akawa anajivua gamba vipande vipande. Ukiona gamba halitoki zima kama soksi, na hasa likibaki kwenye ncha ya mkia au juu ya macho, ujue hewa ni kavu.

Na tangi la kioo lisikae dirishani hata siku moja. Jua la saa moja tu linaweza kuligeuza tanuri.

*Mianya.* Tangi la samaki lenye mfuniko uliolala tu juu bila kufungwa halifai kabisa. Nyoka husukuma kwa pua usiku kucha, na siku moja husogea. Lile la reptilia ni salama zaidi, lakini kagua tundu la kupitishia nyaya nyuma, na nafasi kati ya milango miwili inapokutana.

*Mkono.* Lenye mlango mbele ni zuri: mkono unaingia kwa ubavuni, taratibu, naye anauona unakuja. Lenye mfuniko juu lina shida ile ile ya boksi, tena zaidi, kwa kuwa kuta zake ni ndefu na mkono unashuka kutoka mbali.

*Gharama.* La mtumba la samaki hupatikana kwa bei ndogo, pengine bure. La reptilia ni ghali, na ni zito. La sentimita 120 linahitaji watu wawili kulibeba na meza isiyoyumba. Lenye kimo hufaa kwa kupanda.

*Linamfaa nani.* Mtu ambaye tayari analo na yuko tayari kulifunika. Mtu anayeishi kwenye nyumba yenye joto la kutosha, kama Dallas au Houston wakati mwingi wa mwaka, ambako tatizo si kutunza joto bali kuzuia kiyoyozi kisimpulizie. Na mtu anayetamani kumtazama: hakuna nyumba inayomwonesha nyoka vizuri kama hii, akishazoea.

Kabati la mbao

Hapa Uingereza ndilo lililozoeleka. Ni sanduku la mbao zilizopakwa tabaka la plastiki, mbele lina vioo viwili vinavyoteleza.

*Maficho.* Kuta tatu na dari havioneshi kitu. Nyoka anaangalia upande mmoja tu, kama mtu aliyeketi mgongo ukiwa ukutani. Gunzi alihamia kwenye la sentimita 90 akiwa na miezi 13, na yale mazunguko ya usiku hatukuyaona. Ila nilijaza kwanza. Mapango matatu, gogo la gamba la mti lenye uwazi ndani kutoka joto mpaka baridi, na makumbi ya nazi yaliyochanganywa na maranda ya mti wa aspeni. Makumbi haya huuzwa dukani yakiwa yameshindiliwa kama tofali. Ukiyamwagia maji yanafumuka, na siku ile jikoni kwetu palinuka kama uani kwa bibi yangu baada ya mvua. Maranda ya mwerezi usiweke, mafuta yake yanamdhuru.

*Joto na unyevu.* Mbao hutunza joto kuliko zote, na kwa bili za umeme za hapa hilo si jambo dogo. Taa ikiwekwa ndani lazima izungushiwe kizimba cha waya, maana nyoka hupanda na kuikumbatia. Mkeka wa joto katika kabati huwekwa ndani, kwa sababu hauwezi kupitisha joto kwenye mbao, na nyoka huchimba mpaka akaufikia, kwa hiyo kitambuzi cha themostati kigusane na mkeka wenyewe, kisining'inie hewani. Adui wa mbao ni maji. Tulipaka silikoni kwenye maungio yote ya ndani, tukaiacha ikauke siku kadhaa mpaka harufu ikaisha, ndipo nyoka akaingia. Bakuli la maji liwe zito, lisipinduke.

*Mianya.* Nakuomba usome hapa mara mbili. Vile vioo viwili vinavyoteleza hupishana, na kati yake kuna upenyo. Kwa nyoka mkubwa upenyo huo si kitu. Kwa mchanga ni mlango. Gunzi alitoka siku ya tatu.

Tulimtafuta siku nne. Mwanangu hakulala vizuri hata usiku mmoja, na mimi nilikuwa nikifungua kila kiatu. Usiku wa pili tulinyunyiza unga wa ngano kando ya kuta zote za chini, tukazima taa. Asubuhi tukakuta mstari mwembamba, unaopinda na kupinda tena, ukitoka chini ya ngazi kuelekea jikoni. Alfajiri ya siku ya nne nikasikia, "Mama, mama, njoo taratibu." Alikuwa nyuma ya friji, karibu na mota yenye joto, amejikunja mduara mdogo kama kikuku cha mtoto. Tangu siku hiyo upenyo wa vioo umezibwa kwa ukanda wa plastiki laini urefu wote, matundu ya hewa nyuma yamewekewa wavu mwembamba, na kuna kufuli. Ukanda huo ni wa bei ndogo sana. Ununue siku ile ile unayonunua kabati.

*Mkono.* Kutoka mbele, usawa wa nyoka. Katika hili kabati na tangi lenye mlango mbele viko sawa. Kioo kikiteleza hutoa mlio, na Gunzi ameshaujua. Mwanzoni alijificha akiusikia mtikisiko wake. Sasa hutoa kichwa pangoni, ulimi ukitokeza na kurudi.

*Gharama.* Jipya ni ghali kuliko boksi mara nyingi, lakini la sentimita 120 kwa 60 kwa 60 linaweza kumtosha mpaka uzeeni. La mtumba ni nafuu, ila lisafishe kila kona kwa dawa ya kuua wadudu na vimelea, kwa sababu utitiri wa nyoka hujificha kwenye maungio ya mbao.

*Linamfaa nani.* Familia yenye mahali pa kudumu na nyumba yenye baridi. Mtu asiyetaka kumhamishahamisha nyoka mwenye woga, maana kila kuhama kwake ni kuanza upya. Halimfai sana anayehama nyumba ya kupanga kila mwaka.

Yasiyobadilika kwa nyumba yoyote

Nyumba haimalizi woga peke yake. Wiki ya kwanza mpaka ya pili usimshike kabisa, badilisha maji tu. Akishakula milo miwili au mitatu bila kutapika, anza kumshika dakika tano, mara moja au mbili kwa wiki. Baada ya kula mwache saa 48. Macho yakigeuka ya bluu yenye ukungu anakaribia kujivua gamba na haoni vizuri. Mwache mpaka amalize, umwekee kikopo chenye tundu na karatasi ya jikoni iliyoloweshwa. Mlo ni kitoto kimoja cha panya, kilichogandishwa na kuyeyushwa kwa maji ya uvuguvugu, kila siku tano mpaka saba. Porini wachanga wengi huanza na mijusi na vyura, na ndiyo maana wengine hukataa panya mwanzoni. Akikataa, usimsumbue kila siku, subiri wiki umjaribu tena jioni. Uzito ukishuka mfululizo, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayewajua reptilia.

Mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada. Reptilia hubeba bakteria wa salmonela hata wakiwa wazima, na watoto wa chini ya miaka mitano wasimshike wala vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni. Nyumba yake isikae karibu na mashine ya kufulia wala spika za televisheni, maana nyoka husikia mtikisiko kwa mwili wake mzima.

Walioko Marekani wana jambo jingine la kuangalia kabla ya kununua. Hawaii hairuhusu kufuga nyoka wa aina yoyote, na New Jersey, ambako nyoka huyu bado yupo porini kwa uchache, imemweka kwenye orodha ya walio hatarini. Uliza sheria ya jimbo lako kwanza.

Kwa hali yako

Kama nyoka wako ana wiki chache na hajala hata mara moja tangu afike, anza na boksi, hata kama kabati limeshanunuliwa. Mpe milo mitano au sita humo, kisha umhamishe pamoja na mapango yake yale yale bila kuyaosha, ili aikute harufu yake huko aendako.

Kama anakula vizuri na ni mwoga tu wa mkono, nisingemwekea boksi. Mpe nyumba inayofunguka mbele, ya mbao au ya kioo, uijaze, upunguze kuinua vitu.

Kama chumba chako hushuka chini ya nyuzi 18 usiku, chagua mbao. Boksi litakubali ikiwa tu limewekwa ndani ya kabati la nguo au mahali pengine penye hewa ya joto.

Kama unalo tangi la kioo la bure na fedha ni kidogo, lichukue. Zile fedha za nyumba zitumie kwa themostati, karatasi nyeusi na mfuniko unaofungwa.

Kama ni mwanafunzi, unapanga na utahama Septemba, boksi kubwa au tangi dogo la mlango mbele litakusumbua kidogo kuliko kabati la kilo thelathini ngazini.

Kama kuna watoto wadogo nyumbani wanaogonga kioo kwa vidole, kabati lenye kufuli, likiwekwa juu ya kimo chao. Mpwa wangu wa miaka minne alipokuja Krismasi tulibandika kitambaa kwenye kioo cha mbele kwa siku zote kumi. Gunzi alikula siku ya kawaida yake, kana kwamba hakuna mgeni aliyefika.